Nimekimbia kama Yusufu, koti limebaki kwake. Nilirudie au niliache?

#1 Mchele wa Ipinda
Bwana Yesu asifiwe wakuu. Nina jambo linanikaa kooni siku ya tatu leo, naomba mnisaidie kwa upendo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, nimeokoka, naimba kwaya ya vijana, nauza mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina mchumba Tukuyu, barua ilishapokelewa, mahari nimetoa nusu, ndoa baada ya Pasaka Mungu akipenda. Sasa kuna dada ana mgahawa, huwa anachukua kwangu gunia kwa mkopo analipa Jumamosi. Wiki hii hajalipa, nikampigia akasema njoo nyumbani jioni uchukue hela yako. Nikaenda. Mvua hii ya Machi ikanikuta njiani nikafika nimelowa chapachapa. Akanipa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, akasema vua hilo koti nilianike karibu na jiko. Nikavua. Tukaongea biashara, bei ya mchele wa Kyela imepanda, mkaa umepanda. Alafu akahama alipokuwa amekaa akaja kwenye kochi langu akaniwekea mkono hapa nyuma ya shingo, mkono una joto la kikombe, akasema "leo mvua haiachi".

Wakuu sitawadanganya, sikuchukizwa. Mwili wote ulikubali. Nilikaa pale kama dakika nzima naangalia koti linavyotoa mvuke. Alafu nikasimama, sikusema hata asante ya chai, nikatoka. Nimetembea kutoka Isanga mpaka Mafiati na tisheti.

Koti limebaki. Na kwenye mfuko wa ndani kuna daftari la madeni la wateja wote, bila hilo sijui nani namdai nani ananidai.

Maswali mawili. Nilirudie au niliache? Na la pili ndo linaninyima usingizi: Biblia inasema ikimbieni zinaa (1 Kor 6:18), tena inasema mpingeni Shetani naye atawakimbia (Yak 4:7). Mimi ndo nimekimbia, yeye hajakimbia, maana nikifumba macho usiku naliona lile kochi. Lipi ni lipi?

#2 Kinyonga wa Kitonga
Amen. Mkuu wewe ni mwanaume. Wengi wetu hapa tungeandika uzi mwingine kabisa. Ngoja wajuzi waje.

#3 Mlinzi wa Zamu
Usirudi. Yusufu aliacha nguo mkononi mwa mke wa Potifa akakimbia, hakurudi kuulizia. Daftari utaandika lingine, roho huandiki nyingine.

#4 Fundi Mbao
#3 soma mpaka mwisho wa sura mtumishi. Yusufu hakuirudia nguo ila nguo ilimfuata yeye. Yule mama aliitunza mpaka mumewe aliporudi akaionyesha kama ushahidi, Yusufu akaenda gerezani (Mwanzo 39:16-20). Na huyo kijana ilikuwa mara ya pili nguo yake kutumika kumdanganyia mtu, ya kwanza ni ile kanzu ndugu zake waliyoichovya damu ya mbuzi wakampelekea baba yao. Kwa hiyo mimi nasema koti litoke kule haraka, ila asilifuate yeye. Atume mtu.

#5 Mama Uyole
Mwanangu Mchele hujambo. Kwanza hongera, na usijilaumu kwa ile dakika moja. Pili nikuulize kama mama yako, kwa nini ulienda jioni? Deni la mchele linadaiwa mchana, dukani, mbele za watu. Yakobo huyohuyo uliyemtaja anasema sura ya kwanza mstari wa 14 kwamba kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe akivutwa na kudanganywa. Sisemi ulitaka. Nasema jiulize ulipopigiwa simu ukaambiwa njoo nyumbani moyo wako ulisema nini. Jibu unalo wewe na Mungu wako.

#6 Mchele wa Ipinda
Shikamoo mama. Umenigusa penyewe. Ukweli nilibadilisha shati kabla ya kwenda.

#7 Kinyonga wa Kitonga
Shati!! Haya mkuu sasa tunaelewana 😀

#8 Jeshi la Bwana
Wapendwa mnaongea mambo ya mwilini tu. Hiyo ni roho ya uzinzi, na picha ya kochi kumjia usiku ni ushahidi kwamba kuna kitu kilimfuata. Aingie kwenye maombi ya kufunga siku tatu, avunje maagano, ile chai aliyokunywa aiombee. Kuna watu wamefungwa kwa chai.

#9 Fundi Mbao
Mtumishi #8 tuwe na kiasi. Kijana wa miaka 29 ameshikwa shingo na mwanamke mzuri siku ya baridi, akiikumbuka usiku unasema ni pepo? Mimi nina miaka 51 na ndoa ya miaka 24 na kumbukumbu zinanijia. Mtu akiniambia kila kumbukumbu ni pepo nitakuwa nakemea mpaka kuche.

#10 Jeshi la Bwana
Sijasema kila kumbukumbu. Nimesema hiyo. 1 Petro 5:8 adui anazunguka kama simba angurumaye akitafuta mtu ammeze. Msimfanye simba paka.

#11 Dereva wa Tunduma
Habari zenu. Mimi naendesha lori Dar–Zambia mwaka wa kumi na moja huu, niwape ya barabarani.

Pale Tunduma foleni ikikaza mnaweza kulala siku mbili tatu kabla ya kuvuka Nakonde, upande wa Zambia. Umekaa tu. Hela ya safari unayo, mke yuko mbali, na wanaouza chakula wanajua jina lako. Miaka yangu ya kwanza nilianguka sana, sitaficha, na nilikuwa naenda kanisani kila nikirudi nyumbani na naomba kwa machozi kabisa, na safari inayofuata yaleyale. Sio kwamba sikuomba. Niliomba.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo mpaka aibu kukisema. Nilinunua jiko dogo la gesi na sufuria. Napika mwenyewe pembeni ya gari. Maana nilikuja kugundua kwangu mimi kuanguka hakuanzii kitandani, kunaanzia kwenye sahani ya wali saa moja jioni, unakula, unaulizwa nyumbani hawajambo, unacheka, unaagiza soda, saa tatu hiyo. Nikakata kwenye sahani. Saa tatu usiku nampigia mke wangu, tunaomba kwenye simu, nalala kabini. Miaka saba sasa. Usiku wa baridi kabini ni mateso jamani lakini nalala.

Kwa hiyo mleta uzi kukimbia ni vizuri ila angalia ulianza kukimbia ukiwa wapi. Umekimbia ukiwa kwenye kochi. Siku nyingine kimbia ukiwa kwenye simu.

#12 Kamwene
#11 umesema kweli, yangu inafanana ila ni ya ulanzi, pombe ya mianzi. Mimi wa Iringa. Miezi hii ya mvua mianzi ikigemwa kila kona wanauza, na sisi tuliookoka tuna kisingizio chetu, "nakunywa mtogwa tu", yaani ulanzi mbichi. Mtogwa kweli ni mtamu hauna neno. Lakini ulanzi hauna subira, ule ulioutoa asubuhi mtogwa jioni unageuka mkangafu, ule mkali wa kulewesha, kwenye lita ileile bila kuugusa. Nimejidanganya na hilo miaka minne. Nilipoacha ilibidi nibadilishe mpaka njia ya kutoka kazini, nilikuwa napita kwa mama mmoja muuza ulanzi sasa nazunguka, dakika ishirini zaidi kwa mguu.

#13 Ndaga
Kwa hiyo mtogwa ni dhambi? Naomba jibu la ndio au hapana, bibi yangu alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa anakunywa.

#14 Kamwene
Sijasema ni dhambi ndugu. Nimesema mimi najifahamu. Bibi yako pengine aliweza kuishia kwenye kikombe kimoja, mimi sikuweza.

#15 Mlinzi wa Zamu
Tusihame mada tafadhali. Nirudi kwa mleta uzi, namkumbusha Billy Graham, yule mhubiri wa Marekani. Alijiwekea sheria kwamba hakai peke yake na mwanamke asiye mke wake, sio chakula, sio gari, sio ofisi. Alihubiri dunia nzima miongo mingi hana kashfa ya wanawake. Sheria moja tu.

#16 Mwl. wa Zamani
Nikusahihishe kidogo mtumishi. Haikuwa sheria moja na hakujiwekea peke yake. Ni mwaka 1948 kule Modesto, California, yeye na wenzake Cliff Barrows, George Beverly Shea na Grady Wilson walikaa wakajiuliza ni mambo gani huwa yanawaangusha wahubiri. Wakakubaliana mambo manne: hela, zinaa, kutia chumvi idadi ya watu kwenye mikutano, na kusema vibaya makanisa ya wenyeji. Watu wanakumbuka la wanawake tu, yale matatu wameyaacha. Mimi nina hamu sana ya kusikia mahubiri ya lile la kutia chumvi idadi.

#17 Dada wa Mafinga
Nimesoma tangu mwanzo nimenyamaza, ila #15 imenitoa.

Hiyo sheria ni nzuri kwa mwanaume mwenye ofisi yake. Mimi nilikuwa karani kwenye biashara moja ya mbao huku kwetu, sitaitaja. Mwenye mali ni mzee wa heshima anakaa benchi la mbele kanisani. Akaanza kuniambia nibaki jioni tufunge hesabu. Mara mbili mara tatu. Siku ya nne akafunga mlango. Nilitoka, kama Yusufu mnavyosema, kalamu bado nimeishika mkononi nimeiona nikiwa barabarani. Jumatatu nikakuta mtu mwingine kwenye kiti changu. Mwezi mzima nilikaa bila kazi na mtoto wa dada yangu anadaiwa ada, na nilipomweleza kiongozi mmoja wa kanisa akaniuliza "ulikuwa umevaaje".

Kwa hiyo mnaposema kimbieni, mjue kuna anayekimbia akaacha koti na kuna anayekimbia akaacha mshahara. Wote tumekimbia lakini njia hazikulingana. Na kitu kingine, uzi mzima mnamwita huyo dada wa mgahawa mke wa Potifa. Hana mume kwa tulivyoelezwa, hajamsingizia mtu, kakaa kwake mvua inanyesha kakosea kama wanavyokosea watu. Pengine sa hivi na yeye analiangalia hilo koti anaona aibu.

#18 Mama Uyole
Pole sana binti yangu. Huyo aliyekuuliza ulivaaje alikosea na Mungu alimwona. Ulipata kazi?

#19 Dada wa Mafinga
Nilipata mama. Nashona sasa, sare za shule. Asante.

#20 Fundi Mbao
#17 nimekaa kimya dakika tano. Mimi ndo wa kwanza kuandika habari za kusingiziwa, naomba radhi. Na nina biashara ya mbao pia, nina karani wa kike. Kuanzia kesho hesabu zinafungwa saa tisa mlango wazi.

#21 Kijana wa Kwaya
Mimi naona tatizo la mleta uzi ni uchumba mrefu tu. Paulo kasema ni afadhali kuoa kuliko kuwaka tamaa (1 Kor 7:9), lakini sisi tunaweka mahari, kamati, kadi, michango, ukumbi, sare za wasimamizi, mtu anawaka miaka miwili anasubiri keki. Alafu akianguka tunamtenga. Aende Tukuyu na wazee wawili wafunge ndoa Jumamosi asubuhi watu wanywe chai wakalime.

#22 Ndaga
Unyakyusani useme watu wanywe chai tu kwenye harusi? Njoo uwaambie wewe wajomba 😂

#23 Dereva wa Tunduma
#21 nakuheshimu ila mimi nilikuwa na ndoa miaka yote niliyokuwa naanguka. Ndoa haizimi moto wa mtu anayetembea na kiberiti.

#24 Jeshi la Bwana
Ndo mana nasema ni vita ya kiroho!

#25 Mwl. wa Zamani
Nirudi kwenye swali la pili maana ndo zito na limepitwa.

Kwanza kukimbia na kupinga. Angalieni nani anaambiwa akimbiwe na nani apingwe. Paulo anasema ikimbieni zinaa, na kwa Timotheo anasema zikimbie tamaa za ujanani (2 Tim 2:22). Yakobo na Petro wanasema mpingeni huyo Ibilisi. Kwa maana hiyo tamaa yako ikimbie, mwongo mpinge. Kwenye kochi hakuna mjadala, unaondoka. Ila ukishafika nyumbani anakuja yule wa pili, anakwambia wewe mnafiki, ulibadilisha shati, ulikaa dakika nzima, sasa unaimba nini kwaya. Huyo humkimbii maana yuko chumbani kwako. Huyo anapingwa.

Pili, #3 umesema Yusufu alikimbia. Ni kweli, ila mstari wa 10 unasema yule mama alimsemesha siku baada ya siku na Yusufu akakataa kulala naye na hata kukaa naye. Siku ya nguo ni ya mwisho. Kabla ya hapo kuna siku nyingi ambazo hazina hadithi, mtu anafanya kazi yake anakwepa.

#26 Mlinzi wa Zamu
Hapo kwenye mstari wa 10 nimejifunza mwalimu. Ila mbona Daudi aliona tu mara moja kutoka juu ya dari akaanguka? Hapakuwa na siku baada ya siku.

#27 Mwl. wa Zamani
2 Samweli 11 inaanza kwa kusema ulikuwa wakati wa wafalme kutoka kwenda vitani, na Daudi akamtuma Yoabu, yeye akakaa Yerusalemu. Dari ilikuja baadaye.

#28 Kamwene
Eeh. Kwa hiyo hata Daudi alianzia kwenye sahani ya #11.

#29 Mjukuu wa Rungwe
Na mimi niongeze kidogo. Bibi yangu Mmoravian, wa Rungwe kabisa kule wamisionari walikofikia mwaka 1891. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alikuwa anasoma neno la siku, lile la kutoka Herrnhut, Ujerumani, kwa Wamoravian wa mwanzo, ambalo limekuwepo tangu 1728. Alikuwa anasema neno likitangulia kuingia, mengine yanakuta kiti kina mtu. Mleta uzi soma asubuhi, usisubiri usiku kochi lije.

#30 Mwl. wa Zamani
1728 ni mwaka Zinzendorf, kiongozi wao, alipoanza kuwapa waumini neno kwa mdomo, kitabu chenyewe cha kwanza ni cha mwaka 1731. Lakini bibi yako yuko sahihi kuliko mimi.

#31 Mtoto wa Bukoba
Kwetu mama alikuwa wa wale ndugu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa. Wao walikuwa na neno kutembea nuruni. Ukijikwaa au ukinusurika unalisema kwenye ushirika, kwa mdomo wako, kabla halijasemwa na wengine. Nilikuwa mtoto nasikia watu wazima wanasema "nilimtamani fulani" na watu wanaitikia kwa wimbo. Ilikuwa inanitisha. Sasa mkubwa naona ilikuwa dawa, kitu kikishasemwa mbele ya watu kinapungua.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi, mchumba anajua?

#32 Kijana wa Kwaya
Asimwambie!! Unataka ndoa ivunjike kwa kitu ambacho hakijatokea?

#33 Dada wa Mafinga
Kimetokea. Amwambie. Mimi ningetaka kujua, na ningetaka nisikie kwake.

#34 Fundi Mbao
Mimi nina wasiwasi na huo ushirika wa #31. Ukiungama mbele ya watu arobaini siku hizi kabla hujakaa chini imeshafika kwenye magrupu ya simu. Yakobo 5:16 inasema ungameni ninyi kwa ninyi, haisemi kwa kipaza sauti. Mtu mmoja mzima anayejua kufunga mdomo anatosha.

#35 Mtoto wa Bukoba
Hapo nakubali nusu.

#36 Mchele wa Ipinda
Wakuu samahani nilikuwa kimya, nimesoma yote. Mrejesho.

Jana nilikuwa nimeshapanga na mzee wa kanisa wa mtaa wetu anisindikize kulifuata koti leo saa nane mchana. Nilimweleza kila kitu pamoja na la shati. Alisikiliza akasema "twende wote, na hela yako utaipata hukohuko", hakuongeza neno.

Hatukufika. Asubuhi saa nne niko dukani nina wateja watatu, nikamuona anakuja na miguu, koti kalikunja vizuri kaliweka kwenye mfuko wa rambo. Akalisalimu duka zima. Akaniambia "kaka, ulisahau koti lako siku ile ya mvua", sauti ya kawaida tu, akaniwekea kwenye mizani juu ya mchele akaondoka. Hakuniangalia usoni na mimi sikumwangalia.

Koti limefuliwa limepigwa pasi. Daftari lipo mfuko uleule. Nikafungua ukurasa wa jina lake, nikakuta hela imebanwa na pini, 86,000, deni lote mpaka la wiki hii. Na pembeni ya jina lake kaandika kwa kalamu ya bluu "imelipwa", alafu chini yake "tusamehe".

Sio nisamehe. Tusamehe. Nimelisoma hilo neno mara nyingi kuliko mistari yote mliyonipa.

#37 Dada wa Mafinga
Nilijua.

#38 Jeshi la Bwana
Utukufu kwa Bwana. Bado liombee koti.

#39 Mama Uyole
Mwanangu nimelia hapa nilipo. Usimfanye adui. Ila mchele wake akichukua tena apelekewe na kijana wako wa dukani, wewe baki na mizani.

#40 Mlinzi wa Zamu
Mimi naona "tusamehe" ni mtego mwingine, anamwingiza kwenye kosa ili wawe na siri moja.

#41 Mwl. wa Zamani
Au ni sala. Sala ya Bwana yote iko kwenye wingi, utusamehe makosa yetu, usitutie majaribuni.

#42 Mlinzi wa Zamu
Mwalimu unaweza kuwa sahihi, na mimi naweza kuwa sahihi.

#43 Mtoto wa Bukoba
Hujajibu la mchumba.

#44 Mchele wa Ipinda
Nampelekea mwenyewe, sio kwa simu. Naenda Tukuyu Jumamosi na gari ya saa moja asubuhi. Daftari naenda nalo.

#45 Ndaga
Vaa koti. Tukuyu mwezi huu mvua haiulizi mtu.